Nilivyomsifu Idris Mbele ya Polisi

Jumanne ile pale mabafuni tulikuwa hivi. Mimi, Maman Nsimire, mwenye funguo na mwenye taulo. Tonton Kasongo wa Lubumbashi, fundi wa maji moto. Si ndugu yangu wala mume wangu, ingawa watu walidhani ni mume na yeye hakukanusha hata siku moja. Idris, Msudani aliyekulia kambini Kakuma, Kenya, aliyekuja kuoga akabaki kutusaidia. Mebrahtu na mdogo wake Yonas, Waeritrea, tumbo moja. Monsieur Albert, Mbelgiji mzee ambaye chumba chake hakikuwa na bafu, mteja wa pale tangu kabla yangu. Na vijana watatu wa kwaya yetu, waliotumwa na mchungaji kuja kukunja taulo wakati wa likizo. Majina ya hao watatu ninayo kichwani. Sitayaandika, na sababu mtaiona.

Bon. Mchungaji amesema sisi wazee tuwaandikie ninyi vijana juu ya kazi tulizofanya, maana wengi wenu sasa mnaingia kazi za kuhudumia watu: hospitali, nyumba za wazee, usafi. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, Bukavu. Nimeandika kwa mkono wangu, mjukuu wangu Solange amepiga kwenye kompyuta, na nimemkataza asinitilie sukari. Nimekasirika na nataka ionekane.

Kazi yangu ilikuwa mabafu. Anderlecht, huku Ubelgiji, karibu na mfereji, palikuwa na nyumba ya mabafu ya watu wote: milango kumi na miwili, mabenchi ya mbao kwenye korido, chumba cha kufulia nyuma. Aliyekuja ni mtu asiye na maji kwake, au asiye na kwake kabisa. Nilikaa pale miaka kumi na tisa. Ninyi mnaoga kila siku bila kufikiri. Mtu ambaye hajaoga wiki mbili hatembei kama ninyi. Anatembea pembeni ya ukuta, anaomba msamaha kabla hajafanya kosa. Ukimpa maji ya moto dakika ishirini anatoka amenyooka, na wakati mwingine anakutukana kwamba sabuni ni mbaya. Hapo ndipo unajua amepona.

Aliyenifundisha ni Madame Godelieve, Mbelgiji wa Kiflamandi mwenye mikono ya kung'oa viazi. Taulo, alisema, unakunja mara tatu, na ukingo uliokunjika unatazama mlango, ili uvute moja bila kuangusha kumi. Shuka la mtu mwenye upele hulikung'uti kamwe. Unalikunja ndani kwa ndani kama sambusa, unalitia kwenye mashine yenye moto wa nyuzi sitini. Nguo isiyoweza moto unaifunga ndani ya mfuko wa plastiki, unaihesabia siku tatu, mdudu anakufa njaa. Na mtu akiingia, angalia miguu kwanza. Uso unadanganya. Kidonda cha mguu unakiosha na maji yaliyochemka yakapoa, unakausha katikati ya vidole, halafu unamtuma kwa daktari leo. Si kesho, leo.

Hayo yote nilishika. Nilikosea mengine. Wiki ya kwanza nilitia sweta ya sufu ya Monsieur Albert kwenye kikaushio. Ilitoka ya mtoto wa miaka mitano. Akaivaa hivyo hivyo, mikono ikaishia kwenye viwiko, akazunguka korido nzima.

"Madame Nsimire," akasema, "asante. Sasa nina kaptura ya juu."

Lakini kosa langu kubwa sikulijua kuwa ni kosa. Madame Godelieve aliita watu kwa namba. Unapewa kibao, saba, nane, tisa, ukisikia namba yako unaingia. Mimi niliona ni ubaridi wa hawa wazungu. Kwetu unamwitaje mtu tisa? Nikamwambia hivyo.

"Nsimire," akanijibu, "mtu aliye uchi nyuma ya mlango hana haja korido nzima ijue jina lake."

Alipostaafu nilivitia vile vibao kwenye sanduku. Nikaleta majina. Na mimi jina nikilisikia mara moja halitoki tena. Nilikuwa nasimama mwanzo wa korido naita: Tesfalem! Abdulrahman wa El Fasher! Abdulrahman mwingine, yule mrefu! Walicheka, walifurahi. Wengine walikuwa hawajaitwa kwa jina lao tangu walipotoka kwao. Nilijivuna sana.

Halafu watu wakawa wengi. Walikuwa wameomba hifadhi wakaambiwa hakuna kitanda, ngojeni, wakangoja chini ya madaraja. Kichwa changu kiliweza, lakini wao kwa wao wakaanza kugombana nani wa kwanza. Hapo ndipo Idris aliingia. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, fundi seremala. Alijua Kiarabu, Kiingereza, Kitigrinya cha kuombea maji, na Kiswahili cha Kenya. Mimi aliniita shosho, yaani bibi, na tulikuwa tunachokozana kutwa.

"Shosho, hii Kiswahili yako uliitoa wapi? Inaumwa."

"Inaumwa juu ya kusikia ya kwako. Kaa kimya, bebea mimi hii ndoo."

Idris akapanga foleni. Watu walimwachia mabegi yao wakiwa ndani, maana wizi ulikuwepo. Walimwachia simu, kwa sababu tulikuwa na sehemu moja tu ya kuchajia, na yeye alikaa mbele yake kama kuku juu ya mayai. Na aliyefika Uingereza alimpigia yeye, awaambie wenzake korido nzima kwamba fulani yu hai. Siku hizo tulipiga makofi. Ninyi vijana watatu pia mlipiga. Malipo yake yalikuwa mkate na chai, na Tonton Kasongo alimpa viatu.

Majina ya foleni tulianza kuyaandika, na saa pembeni, dakika ishirini kwa kila mtu. Saa tatu na dakika ishirini Yonas, saa tatu na dakika arobaini Mebrahtu, hivyo hivyo. Idris mkono wake ulikuwa mbaya, wa Kiarabu, unaanza upande wa pili. Mmoja wenu, mwenye mkono mzuri wa shule, akasema: lete, niandike mimi. Likizo nzima akaandika yeye.

Wakati huo ndipo wakaikaza ile sheria ya wavushaji. Wavushaji, mnawajua, ni wale wanaochukua fedha za watu na kuwaficha ndani ya malori yaendayo Uingereza. Watu wabaya, sikatai. Mimi sijamwona hata mmoja akija kuoga kwetu. Wana mabafu yao. Chama kilichotuajiri kikaleta mwanasheria atueleze. Kwamba sasa adhabu ni kubwa zaidi, na kwamba anayesaidia kidogo naye anaweza kuvutwa. Tusiazimishe simu. Tusitunze begi la mtu. Tusionyeshe njia.

Tonton Kasongo akanyoosha mkono. "Maître, na mayi? Tubape ya moto ao ya baridi? Sheria inasema nini?"

Mwanasheria hakucheka. Akasema maji bado yanaruhusiwa. Lile neno "bado" sikulipenda.

Jumanne ile, donc, akaja mwanamke wa polisi, hana sare. Alijitaja: Inspekta Carine. Mpole, amevua glavu, akasema sabuni yetu inanukia kama kwa bibi yake. Nikamkaribisha kahawa chumba cha kufulia. Ninyi mlikuwa nje kwenye korido mnakunja. Akaniuliza kazi ikoje. Vijana wangu, miaka kumi na tisa hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza kazi ikoje! Wanakuja kupiga picha, wanauliza choo kiko wapi. Huyu alikaa, akasikiliza, akaandika.

Akauliza, "Na huyu Idris ni nani hapa?"

Ninyi mmezaliwa huku, labda hamjui. Kwetu ukiulizwa juu ya mtu, unaanza na mazuri yake, na unayasema yote. Ukimsifu kidogo ni kama umemshtaki. Basi nikamsifu. Nikasema: Madame, Idris ndiye anaongoza hapa. Bila yeye hakuna anayejua zamu yake. Simu zote ziko kwake. Mabegi yako kwake. Mtu akifika Uingereza anampigia yeye kwanza. Wanamheshimu, hata chakula wanamgawia. Na Inspekta alipouliza nani huwa anakuja, nikamtajia, wote, na nani ni ndugu ya nani, na nani alimleta nani. Alikuwa anaandika haraka, nikamwonea huruma, nikapunguza mwendo.

Alipoondoka Tonton Kasongo akaniangalia. "Umemuambia nini?"

"Mazuri tu."

"Mazuri gani?"

Nikamweleza. Akakaa juu ya pipa la sabuni, hakusema utani. Ndiyo mara ya kwanza niliogopa.

Baada ya siku tisa walikuja asubuhi, magari manne. Magari manne na mbwa wawili, kwa ajili ya seremala aliyeshika ndoo. Monsieur Albert alikuwa ndani ya bafu namba mbili. Walimtoa na taulo tu, mzee wa miaka themanini, akasimama kwenye korido anatetemeka akiwauliza kama na yeye anaelekea Uingereza. Walichukua simu kwenye chaji. Walichukua ile karatasi ya foleni ukutani, na Idris wakaondoka naye.

Sasa niwaambie gharama, maana huku watu wanapenda kusema sheria kali hailipwi na mtu mwema. Inalipwa na ninyi, mnaokatwa mshahara kila mwezi. Zile simu zilisikilizwa na wakalimani miezi mizima, Kiarabu na Kitigrinya, na walichokuta ni mama za watu wanauliza umekula nini. Nilisikia mazungumzo hayo yakisomwa mahakamani, mbele ya majaji watatu, na askari wa kulinda mlango, na gari la kumleta Idris na kumrudisha gerezani, mara nne, kwa sababu mara mbili mkalimani alikosea siku. Umekula nini, mwanangu. Nimekula wali. Jaji mmoja alipiga miayo.

Na korido yetu ikawa tupu. Nani atakuja kuoga mahali unapotolewa uchi? Wakabaki na uchafu wao chini ya madaraja, na upele ukafanya kazi yake. Upele hauulizi hati. Uliingia kwenye nyumba za kulala, ukaingia kwa wanawake wanaosafisha metro, ukaingia shule ya kitukuu wangu hapa Ganshoren. Mwalimu akatuma barua kwa wazazi, kila mmoja akamtazama mwenzake vibaya. Mimi nilisoma ile barua nikacheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Dawa yake ilikuwa sabuni na moto wa sitini, na tulikuwa nayo.

Mebrahtu alikuwa na kidonda chini ya kisigino. Jumanne, siku mbili kabla ya yale magari kuja, nilikiosha, nikamfunga, nikampa karatasi ya daktari ambaye hadai kitu. Alitakiwa kurudi Ijumaa nimbadilishie kitambaa. Ijumaa akasikia habari za polisi. Hakurudi kwetu, na kwa daktari hakwenda, akidhani ni mtego uleule. Miezi miwili baadaye Yonas alinikuta sokoni, akanishika mkono. Walikuwa wamemkata kaka yake mguu, chini ya goti.

Nikamuuliza Yonas, kwa nini hamkuja hata kwangu nyumbani?

"Mama," akasema kwa Kifaransa chake kidogo, "tuliogopa mlango wenu. Majina yetu yalikuwa ukutani."

Mguu ule ungepona kwa maji yaliyochemka, chumvi kidogo na siku kumi. Badala yake ni hospitali, ni upasuaji, ni mguu wa bandia, ni mtu wa kumfundisha kutembea, na hayo yote ni mfuko wa nchi, na mfuko wa nchi ni ninyi. Na Mebrahtu mwenyewe sijamtaja kwenye hesabu hiyo, maana mguu wake haurudishwi na mfuko wowote. Mwisho wa mwaka wakubwa wakasema mabafu hayana watu tena, kwa nini tuyapashe moto. Wakafunga. Mimi wakanipa maua. Niliyaacha kwenye benchi.

Na wavushaji? Yonas ameniambia wapo palepale. Bei yao imepanda tu, kwa sababu hatari imepanda, na ndani ya lori wanajaza zaidi.

Mahakamani nilikwenda kumtetea Idris. Nilivaa liputa langu, kitenge cha harusi. Nikasimama nikasema ni mtu mwema. Wakili wa serikali akasema, asante Madame, ulishasema, akasoma maneno yangu. Anaongoza. Simu ziko kwake. Wakifika wanampigia. Wanamlipa chakula. Kila neno lilikuwa langu. Halafu akainua karatasi ya foleni: majina, na saa, kila dakika ishirini. Akasema ni orodha ya abiria, na saa za kuondoka, iliyoandikwa na mshtakiwa. Wakili wa Idris akasema ni foleni ya bafu. Idris mwenyewe alishasema tangu siku ya kwanza kwamba si mkono wake. Wakamuuliza, ni wa nani? Akainamisha kichwa. Hakusema. Mimi nikataka kusema. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole, nikanyamaza. Wakampa miaka minne.

Nilikwenda kumtazama gerezani. Wako watatu kwenye chumba cha wawili, yeye analala chini kwenye godoro, kichwa karibu na choo.

"Shosho, huku bafu ni mara mbili kwa wiki, na maji ni ya kubahatisha. Vurugu tupu."

"Kwa nini hupangi foleni?"

"Nipange foleni tena? Hawa si wataniongeza minne ingine?"

Tulicheka mpaka askari akagonga meza. Nikamuuliza kwa nini hakusema mkono ule ni wa nani. Akasema, "Shosho, ni mtoto wa watu. Alinisaidia kuandika. Nimlipe hivyo?"

Mwezi ujao ni rufaa. Maître Sophie, wakili wake, alikuja kwangu akakaa hapa jikoni, akazunguka zunguka na maneno. Mwisho akasema: Maman, una miaka sabini na nne. Ukisema ulichanganya, kwamba siku hizi unasahau, maneno yale yatapungua nguvu. Hakuna atakayeshangaa.

Nilimpa kahawa ya pili. Usiku mzima niliyaita majina moja moja kama pale kwenye korido, nikaona yote yapo. Asubuhi nikampigia: hapana. Nikisema nimesahau, basi na kwamba malipo ya Idris yalikuwa mkate nimesahau, na mguu wa Mebrahtu, na kwamba Idris hajawahi kumwonyesha mtu lori. Wataninyang'anya vyote kwa pamoja. Nitakwenda nikumbuke, na safari hii nitakumbuka na yale ambayo Inspekta Carine hakuandika. Lakini neno la mwanamke mzee aliyempenda Idris kama mwanawe halitoshi. Maître alisema kinachoweza kumtoa ni ile karatasi. Mtu aje aandike mistari miwili mbele ya majaji, waone mkono ni uleule, aseme: hii ni foleni ya bafu, niliandika mimi, nilikuwa likizo.

Wewe mwenye ule mkono, najua mama yako amekukataza. Alinijia nyumbani, tulilia wote wawili. Ana haki yake: faili lako la uraia liko njiani, na kwa sheria hii mpya nani anajua, aliyeandika jina la mtu kwenye karatasi anaweza kuitwa mshirika wa wavushaji. Sina hasira na mama yako. Hasira yangu ni na sheria inayomfanya mama mzuri wa kanisa amwambie mwanawe kaa kimya, mtu mwingine afungwe. Hiyo nayo iandikwe kwenye gharama. Mguu, mabafu, upele, na ninyi watatu mnaopita mbele yangu baada ya ibada mkiangalia simu zenu.

Kazi hii niliyoifanya, donc, nawaachia hivi: fundisheni mikono yenu kukunja taulo, angalieni miguu, na mkubwa akija na upole kuwauliza juu ya mtu, msiharakishe kusifu. Jina la mtu mliache kinywani mwake, mwenyewe alitoe akitaka. Ndiyo maana la kwako sijaliandika, na mahakamani sitalitaja hata wakiniuliza mara kumi, na Idris hatalitaja.

Mimi ni mzee, inawezekana nimekosea. Labda Jumanne ile Yonas alikuwa wa pili na si wa kwanza. Labda sweta ya Monsieur Albert haikuwa ya sufu. Labda ule mkono mzuri wa shule haukuwa wako. Kama nimekosea, nisahihishe. Lakini usinisahihishe hapa mlangoni pa kanisa kwa kunong'ona. Njoo unisahihishe kule, mwezi ujao, mbele ya majaji watatu, umesimama, na jina lako uliseme mwenyewe.